KASI YA INTANETI MAJUMBANI NA MAOFISINI: TUPIME KABLA YA KULIPA

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa mmoja wa mitambo ya mawasiliano Serikalini, mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi wa Unguja. Yanachapishwa kwa ukamilifu ili yawafikie na wale ambao hawakuhudhuria, wakiwemo ndugu zetu wa Pemba.

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Masheha,
Watumishi wenzangu wa Serikali,
Wazee wangu, Mabibi na Mabwana,



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha mahala hapa. Aidha, nawashukuru nyinyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza jambo ambalo zamani lilikuwa la wataalamu peke yao, na leo ni la kila nyumba.

Ndugu Mwenyekiti, nimetakiwa nizungumzie sababu za intaneti kuwa nzito majumbani na maofisini, na njia za kuiondoshea uzito huo. Naomba niruhusiwe kuanza na mzee mmoja kabla ya kufika kwenye mitambo.

Siku moja nilikuwa katika ofisi inayohudumia wananchi, nimekwenda kwa shida yangu mwenyewe. Mbele yangu alikuwepo mzee aliyetoka shamba kwa daladala, anafuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake aliyetakiwa kuandikishwa skuli. Kijana wa dirishani alimwamkia kwa adabu, kisha akamwambia: "Mzee wangu, leo mtandao hakuna. Njoo kesho." Mzee akajibu kwa upole: "Mwanangu, juzi pia haukuwepo. Huo mtandao huwa unakwenda wapi?"

Watu walicheka. Kijana alikosa jibu, na mimi ambaye kazi yangu ni hiyo nilitazama chini. Niliomba ruhusa nikaangalie, na nikakuta kwamba mtandao haukwenda popote. Kompyuta moja ya chumba cha nyuma ilikuwa inapakua filamu tangu asubuhi, na kompyuta ya dirishani ilikuwa inapokea mawimbi yaliyopita kuta mbili ndipo yaifikie. Filamu ilipositishwa, cheti cha mtoto yule kilipatikana kabla ya adhana ya adhuhuri.

Ndugu Mwenyekiti, swali la mzee yule ndilo mazungumzo yangu ya leo. Kila anayesema "mtandao hakuna" anapaswa ajue umekwama wapi.

NJIA YA INTANETI HADI KUFIKA KWETU

Sisi ni watu wa visiwa, na kuungana na ulimwengu kwa waya uliolazwa chini ya bahari si jambo geni kwetu. Waya wa simu za maandishi uliotoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na kutoka hapa ukaendelea hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Hata hivyo, intaneti ilipoingia, kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti zinazokaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ardhi. Swali lilipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka. Safari hiyo peke yake ilichukua karibu nusu sekunde, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Hali ilibadilika mwaka 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, na mwaka 2010, ulipofika mkongo wa EASSy. Mikongo hiyo hupitisha mwanga ndani ya nyuzi nyembamba za kioo, na uwezo wake hauna mfano na ule wa satelaiti za wakati ule.

Kwa hivyo barua au picha inayotoka ng'ambo hadi kwenye simu yako hupita vipande vitano. Cha kwanza ni mkongo wa baharini hadi Dar es Salaam. Cha pili ni kuvuka mlango wa bahari hadi Unguja. Cha tatu ni mitambo ya kampuni inayokuuzia huduma. Cha nne ni faiba au mawimbi ya mnara hadi nyumbani kwako. Cha tano ni hewa iliyomo ndani ya nyumba yako, kutoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa ulichoshika mkononi. Ni vyema ikaeleweka kwamba kasi ya njia nzima ni ile ya kipande chembamba kuliko vyote. Mwenye bomba kubwa la maji barabarani na mpira mwembamba uliokunjika ndani ya nyumba, ndoo yake itajaa pole pole vile vile.

Zipo siku ambazo kosa liko mbali. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo kuihamisha ruta hakusaidii kitu. Lakini siku kama hizo ni chache. Siku nyingi za kawaida, kwa nilivyoona katika kazi yangu, uzito unaolalamikiwa umo katika kipande cha nne na cha tano, na hicho cha tano ni mali yetu wenyewe.

MANENO MAWILI YANAYOTUPOTEZA

Kabla ya kwenda mbele, naomba nieleze maneno mawili yanayowagharimu watu fedha.

Neno la kwanza ni megabiti. Kasi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa waraka au picha huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mwenye huduma ya megabiti 10 anayepokea waraka wa megabaiti 25 anapokea megabiti 200, na atasubiri sekunde 20. Mtu asiyejua tofauti hii hudhani ameibiwa, kwani alitarajia sekunde mbili na nusu. Kwa kulinganisha, modemu za simu za zamani zilizopitisha kilobiti 56 kwa sekunde zingechukua karibu saa nzima kwa waraka huo huo.

Neno la pili ni fupi zaidi, nalo ni "hadi". Tangazo linaposema "hadi megabiti 20", limetaja dari, halikutaja sakafu. Muulize anayekuuzia: kwa kawaida, saa tatu usiku, nitapata ngapi? Na jibu lake liandikeni.

NYUMBA ZETU NA MAWIMBI

Ndugu Mwenyekiti, mtandao wa hewani, ambao wengi huuita waifai, ni mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hudhoofika kwa kila kitu yanachokipita. Nyumba zetu hazifanani, na maradhi yake pia hayafanani. Nitazitaja za aina tatu.

Ya kwanza ni nyumba ya Mji Mkongwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Mababu walizijenga kukinga joto, na mawimbi nayo huzuiwa humo humo. Nasema haya kwa majuto, kwani mimi mwenyewe nililipia ujinga wangu. Nilikuwa na huduma ya megabiti 10, na chumbani juu zilifika mbili. Nikalalamika, nikauziwa megabiti 20. Chumbani zikafika mbili zile zile. Nililipa hivyo miezi kadhaa, hadi mtoto wangu aliposhindwa kutuma kazi yake ya masomo kwa wakati ndipo nilipokaa nikatafakari. Ruta nilikuwa nimeiweka ndani ya kidaka cha ukuta wa sebule, nyuma ya birika na vikombe vya shaba, kwa kuwa palipendeza. Niliitoa kidakani, nikaiweka wazi mahala pa juu, kisha nikapandisha waya wa mtandao kwenye ngazi na kuweka kifaa cha pili cha kurushia mawimbi ghorofani. Zikafika megabiti 17. Kampuni haikuniuliza ruta iko wapi, nami sikuuliza ninanunua nini.

Katika nyumba kama hizi yafaa kujua kwamba ruta nyingi hurusha masafa mawili. La gigahetsi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kidogo, lakini lina kasi ndogo. La gigahetsi 5 lina kasi kubwa, ila huchoka upesi, na ukuta mmoja wa matumbawe unaweza kulimaliza. Basi aliye chumba kimoja na ruta achague la 5, na aliye nyuma ya ukuta achague la 2.4. Dawa ya kweli ni waya baina ya vyumba. Vifaa vinavyopokea mawimbi na kuyarudisha hewani husaidia, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu, kwa sababu husikiliza na kusema kwa masafa yale yale. Na anayetaka kutoboa ukuta wa Mji Mkongwe kwa ajili ya waya, kwanza apate ruhusa ya mamlaka inayohusika na hifadhi.

Ya pili ni nyumba ya ghorofa, mfano wa majumba ya Michenzani. Hapo shida ni wingi wa watu. Ukifungua simu utaona majina ya waifai za jirani wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini. Mawimbi yana adabu ya barazani: katika chaneli moja husema mmoja tu kwa wakati, na wengine husubiri zamu. Wanapokuwa kumi katika chaneli moja, kila mmoja husubiri zaidi kuliko anavyosema. Katika gigahetsi 2.4 chaneli zisizogongana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Mwenye nyumba aangalie ipi ina watu wachache, ahamie huko. Bora zaidi, atumie gigahetsi 5, ambayo ina chaneli nyingi na haivuki sana kwenda kwa jirani. Hapa ile kasoro ya kutopenya ukuta inageuka neema. Tanuri ya mawimbi inayopasha chakula nayo hufanya kazi katika masafa ya 2.4, na ikiwashwa karibu na ruta huleta fujo.

Ya tatu ni nyumba ya shamba na ya mitaa mipya, yenye paa la bati, isiyofikiwa na faiba, inayotegemea mawimbi ya mnara kupitia simu au kisanduku chenye kadi ya simu. Bati hurudisha mawimbi nje. Kisanduku kisiwekwe katikati ya nyumba chini ya bati. Kiwekwe dirishani, upande unaotazama mnara, tena juu. Jaribu dirisha moja baada ya jingine, na upime kila mara, kwani hatua chache tu huweza kubadilisha mambo. Lakini iwapo asubuhi kasi ni nzuri na usiku inaanguka, kosa si la dirisha. Mnara umelemewa, na hilo ni la kampuni kulijibu.

Kwa nyumba zote tatu, yapo mambo machache ya pamoja. Ruta isifungiwe kabatini, isiwekwe nyuma ya runinga wala kando ya friji au tangi la maji, kwani chuma huzuia mawimbi na maji huyameza. Izimwe na kuwashwa tena ikikwama. Ikiwa ni kuukuu, ibadilishwe: ruta iliyotengenezwa kwa kiwango cha mwaka 2003 ina kikomo cha megabiti 54, na kwa matumizi halisi hutoa karibu nusu yake, hivyo haiwezi kupitisha faiba ya megabiti 100 hata ukilipa vipi. Tuangalie pia nani anatumia. Video yenye picha safi sana huchukua kiasi cha megabiti 5 kwa sekunde, na runinga mbili pamoja na simu zinazohifadhi picha zake mtandaoni zinatosha kumaliza megabiti 10. Mwisho, neno la siri lililokuja na ruta libadilishwe, na ulinzi uwe wa WPA2 au WPA3. Kumkirimu jirani ni jambo jema, lakini neno la siri likishazunguka mtaa mzima, huna tena unachokijua katika nyumba yako.

NAMNA YA KUPIMA

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Yapo majaribio ya kasi yasiyolipiwa, na hufanywa kwa dakika moja. Ninapendekeza hivi.

Kwanza, zimeni vifaa vingine vyote. Ungeni kompyuta kwenye ruta kwa waya, mpime, muandike. Hiyo ndiyo kasi inayoingia nyumbani.

Pili, ondoeni waya, mkae hatua mbili kutoka kwenye ruta, mpime kwa waifai, muandike.

Tatu, nendeni chumba kinacholalamikiwa, mpime, muandike.

Nne, rudieni asubuhi, alasiri na saa tatu usiku, kwa siku tatu.

Iwapo kwa waya kasi ni nzuri na chumbani ni mbovu, kosa ni la nyumba, na kununua huduma kubwa zaidi ni kutupa fedha. Iwapo hata kwa waya kasi ni mbovu nyakati zote, kosa liko kwa mtoa huduma au mbele yake. Na alama za mawimbi zilizojaa kwenye simu zisimdanganye mtu. Zinaonesha tu kwamba ruta inasikika vizuri. Hazisemi lolote kuhusu kinachoingia katika ruta hiyo.

Asiye na kompyuta atumie simu karibu kabisa na ruta, na atakuwa amekaribia ukweli.

KULALAMIKA KWA USHAHIDI

Ndugu Mwenyekiti, sikusema kwamba kosa ni letu siku zote. Anayelipia huduma ana haki ya kuipata. Lakini lalamiko la "intaneti mbovu" hujibiwa kwa "zima, washa". Lalamiko lenye tarehe, saa, kipimo cha waya na nambari ya mkataba haliondoshwi kirahisi hivyo.

Mpelekeeni kwanza mtoa huduma, kwa maandishi, na muweke nambari ya lalamiko lenu. Asipowatendea haki, ipo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye ofisi hapa Zanzibar, na lipo Baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano. Nawaomba Waheshimiwa Masheha wasaidie hapa. Lalamiko la nyumba moja ni la nyumba moja, ama vipimo vya nyumba kumi za shehia moja, vya saa ile ile ya usiku, vinaonesha mnara uliolemewa.

WAJIBU WETU WATUMISHI

Sasa nawageukia wenzangu. Nyumbani intaneti ikiwa nzito, anayeumia ni mwenye nyumba. Ofisini anayeumia ni mwananchi aliyekaa kwenye benchi, aliyelipa nauli na kuacha shamba au biashara yake. Kwa mnasaba huo nina maombi manne.

Moja, kompyuta za dirishani ziungwe kwa waya. Waifai ibakie kwa wageni na kwa simu zetu, kwa jina na neno la siri mbali mbali.

Mbili, programu za kompyuta zisasishwe usiku au baada ya saa za kazi, na filamu zisipakuliwe kabisa kwa mtandao wa ofisi.

Tatu, kila ofisi iwe na daftari la kasi. Mtu mmoja apime kila asubuhi na kila mchana, aandike. Bila ya daftari hilo, mkuu wa ofisi anayeomba fedha za kuongeza kasi anaomba kwa kubahatisha.

Nne, na hili ndilo kubwa, siku mtandao unapokatika kweli, mwananchi asirudishwe mikono mitupu. Apokelewe fomu yake kwa karatasi, iangaliwe kama imekamilika, apewe risiti na aachwe nambari yake ya simu. Mtandao ukirudi, kazi ifanywe na yeye aitwe. Sisi wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa kwamba waya wa baharini hukatika. Tuliona kiza mwaka 2008, na tukakiona tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wetu ulipokatika kutoka Bara. Anayejua kwamba waya unaweza kukatika huweka karatasi na kalamu karibu.

HITIMISHO

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa kurejea pale nilipoanzia. Mzee yule hakujua megabiti wala masafa, wala hapaswi kuyajua. Alijua kwamba amekuja mara mbili, na kwamba mjukuu wake bado hajaandikishwa. Aliuliza swali la haki, na ofisi nzima ikacheka kwa kuwa haikuwa na jibu.

Ninachoomba ni kwamba, akija mzee mwengine na kuuliza mtandao umekwenda wapi, awepo mtu wa kumwambia umekwama mahala fulani, tumelijua saa fulani, na shida yako tumeipokea. Na kila mkaazi atakayerudi nyumbani leo, kabla ya kununua kasi zaidi, aitazame kwanza ruta yake imekaa wapi. Huenda imo kidakani, nyuma ya birika.